Lori Letu Lina Kazi Nyingi Mjini

Biharamulo,
9 Machi 1980

Mpwa wangu Laurian,

Marahaba, maana naamini umeniamkia ingawa sijasikia. Hujambo huko Dar es Salaam, na mkeo hajambo? Sisi tunasukuma siku. Habari kubwa ni kwamba bwana mkubwa mmoja wa huko kwenu alikuja kutushukuru kwa michango ya vita, akanishika mkono mbele ya kijiji kizima. Basi, naongopa. Alimshika mkono katibu. Mimi nilishika mkia wa fahali tuliyemchinjia.

Alikula, akashushia pombe ya ndizi, akajaziwa asali na maharage nyuma ya gari. Sisi sabuni hatujaiona tangu Krismasi, tunanukiana tu. Jirani yenu Kazimili akamuuliza lori letu, lile tulilonunua kwa pamba likachukuliwa kwenda vitani, litarudi lini. Akajibu, huku anachokoa meno, kwamba liko Dar, lina kazi nyingi za taifa. Kazimili akauliza sisi ni taifa la wapi. Akaambiwa akae chini.

Juma lililofuata mama yako aliumwa na nyoka shambani, bafe. Tukamlaza kwenye machela. Desturi unaijua, kila nyumba hutoa bega, na zamu ya nyumba yenu niliibeba mimi, na magoti yangu haya yanayolia kama mlango. Mvua ilikuwa imeila barabara. Dada yangu aliimba nyimbo za kanisani, akanitukana kwa kumyumbisha, kisha akanyamaza. Tulifika Biharamulo mjini kesho yake jioni. Daktari akasema tungewahi, mguu ungepona. Wameukata chini ya goti. Yu hai, na anauliza kama unakula vizuri.

Sasa la mwisho. Xavery, yule kijana wa hapa kijijini anayefanya kazi Dar, amekuja likizo kutoka huko, na lori letu ameliona. Jina la kijiji bado liko mlangoni. Lilikuwa linashusha matofali kwenye kiwanja cha nyumba ya mtu, na aliyekuwa akielekeza yapangwe wapi ni wewe. Nilitema mate, Laurian, nikatema tena. Mama yako sijamwambia. Anadhani taifa linajenga.

Wote hapa wanakusalimu, kwa kuwa hawajajua. Sukari usilete. Nakudai zamu moja ya bega, basi. Mke wa Kazimili atajifungua mwezi ujao na magoti yangu yamegoma. Njoo ubebe.

Mjomba wako,
Anatoli