Kipruto avua shati kanisani

Jerusa, keti kwanza. Kaka yangu Kipruto amevua shati kanisani. Kipruto! Nyuma ya kanisa, lakini mke wa mchungaji ameona kila kitu.

Unajua binti yake Cherop ana soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kutoa magamba. Daktari alishasema hauambukizi, lakini wenzake wa kwaya walikataa kumshika mkono. Leo amejificha nyuma ya kanisa, amejifunika sweta lake, analia kwamba haimbi tena, leo wala kesho.

Mimi na diploma yangu nikambembeleza mpaka maneno yakaniishia.

Kipruto akaja, akavua koti, akavua shati. Viwiko, mgongo, magamba matupu! Miaka yote anachuma chai na shati la mikono mirefu juani, mimi namcheka eti anaringa.

“Nimeficha tangu darasa la tatu,” akamwambia Cherop. “Usinifuate, mama.”

Cherop akamwangalia. Akamwangalia tena. “Baba, na hilo tumbo ulilificha wapi?”

Sweta likatoka. Wakaingia wameshikana mikono, mzee mzima katikati ya kwaya ya watoto, na ile sauti yake ya trekta.

Wimbo wa pili, binti yako Aluoch akamshika Cherop mkono ule mwingine. Mwambie nimemwona.