Fomu ya Jicho la Mama Yako

Nyumba ya Fundi wa Sare,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
S.L.P. 418.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa dada yangu, mtoto wa shangazi,

Hujambo huko uliko? Natumaini baridi imeanza kukuonea huruma na yule mdogo ameacha kukohoa. Shemeji naye, bado anapika mwenyewe siku ukichelewa kazini? Mwambie asije akaacha. Mimi ni mzima wa mwili. Kuhusu roho sitakudanganya, maana tulilala kitanda kimoja miaka sita na unajua ninavyonyamaza nikiwa na jambo.

Mama anakusalimu sana. Alitaka aandike mstari mmoja kwa mkono wake hapa juu, akashika kalamu, akairudisha mezani.

Barua yako niliipata. Uliniomba mambo mawili: nimjazie mama yako fomu ya upasuaji wa jicho, na nikueleze nini hasa kilimpata mama yangu. Naanza na la pili, kwa sababu la kwanza limezaliwa humo.

Uliambiwa kwamba mama alijikwaa kwenye vitambaa vyake. Najua, kwa kuwa ndivyo mama yako anavyomwambia kila anayeingia sebuleni kutoa pole. “Chumba cha wifi yangu ni ghala hasa, hapana hata pa kuweka mguu. Sasa ona.” Anasema hivyo mama akiwa amekaa papo hapo, mkono kwenye bendeji. Mama yangu, dada! Mtu anayepitisha sumaku sakafuni kila jioni ili pini isimchome mteja. Wageni wanatikisa vichwa, wanamtazama kama mtu mchafu aliyejitakia. Naye anainamisha uso na kuwakaribisha chai.

Hakujikwaa. Mama yako alimmezesha dawa.

Unalikumbuka lile kopo la biskuti lenye picha ya farasi? Tangu ulipoondoka limekuwa kopo la presha. Mama yako na mama yangu wote walipewa dawa ya aina moja kliniki, inaitwa doxazosin. Mama yangu alikuwa ameanzishiwa kipimo kidogo kabisa, miligramu moja. Mama yako ni mkongwe wa dawa hiyo, anakunywa nne. Lakini shangazi anasema maboksi yanaleta mende, kwa hiyo huvibonyeza vidonge vyote kutoka kwenye pakiti, vyake na vya wifi yake, akavimimina humo koponi pamoja. Vyote vyeupe, vyote vya duara. Kila asubuhi anagawa kwa mkono wake, na hilo jicho lake lenye ukungu, kama mtu anayelisha kuku. Nani angemwuliza? Yeye ndiye mkubwa wa nyumba tangu baba afe.

Mwezi wa kwanza alisafiri siku tisa kwenda kuona wajukuu wa rafiki yake. Alichota vidonge vyake vya safari, kopo akalifungia kabatini kwake, ufunguo akaondoka nao kwenye pochi. Mama akakaa siku tisa bila dawa. Unamjua, hawezi kupiga simu kuomba chochote.

Jumatatu aliporudi tulikuwa tunakunywa chai, sisi watatu. Akafungua kopo, akasikia habari ya siku tisa, akacheka.

“Siku tisa, wifi! Unataka mishipa ikupasukie kwenye cherehani? Haya, meza viwili, ufidie.”

“Viwili si vingi?” mama akauliza.

“Mimi nimekunywa hii dawa kabla hujajua presha ni nini. Meza, acha maswali ya mwanao huyo msomi.”

Mimi msomi nilikuwa na kitabu mbele yangu. Nilisikia kila neno, nikafungua ukurasa mwingine. Hilo nalo liandike kwenye hesabu zako, dada, kwa maana mimi nimeshaliandika kwenye zangu.

Mama akaenda kukaa kwenye cherehani. Alishona marinda ya sketi za shule karibu saa mbili nzima bila kuinuka. Kisha mwalimu mmoja akabisha mlangoni kuulizia sare, na mama akanyanyuka upesi, kama anavyonyanyuka siku zote mteja akibisha. Hakufika hata hatua ya pili. Nilisikia mkasi ukianguka, halafu yeye. Kifundo cha mkono wa kulia kiligonga ukingo wa meza ya kupigia pasi. Alipofungua macho alikuwa mweupe midomo, jasho la baridi, na neno lake la kwanza lilikuwa kumwomba mwalimu msamaha.

Mfupa ulivunjika mahali pawili. Umeunga, lakini vidole havifungi. Mkasi wa kukatia hauwezi. Amekuwa fundi miaka ishirini na sita, na sasa mimi ndiye ninayekata huku yeye akinionyesha kwa kidevu. Wateja ni waungwana, hawasemi kitu. Wanachukua tu vitambaa vyao na kwenda kwingine.

Wiki hiyo hiyo, nikitafuta vipimo vya mteja, niliipata ile karatasi nyembamba iliyokuja na boksi la kwanza la dawa. Mama alikuwa ameiokoa kwenye takataka ili aandike vipimo nyuma yake. Upande mmoja kiuno na nyonga za mke wa mwokaji, upande wa pili kila kitu nilichopaswa kujua. Dawa za kundi hilo hulegeza kuta za mishipa ya damu. Mtu akianza, au akiacha siku kadhaa kisha akarudia, mwili huwa haujazoea, na akisimama ghafla damu haifiki kichwani, anaanguka. Aliyeacha siku kadhaa harudii kipimo chake mwenyewe, anamwuliza daktari, na kwa kawaida huanza tena chini kabisa. Kufidia hakuna. Mama kwa kipimo chake alipaswa kuanza na miligramu moja. Kama vile viwili vilikuwa vya mama yako, alikunywa nane.

Nilimpelekea shangazi karatasi. Nilimsomea polepole, kwa adabu, nimepiga magoti. Akaniambia, “Karatasi hizo wanaandika kujilinda wasishtakiwe. Wifi alijikwaa.” Jioni ile ile alikuja jirani fundi viatu, na shangazi akamwambia tena habari ya ghala.

Dada, toka siku hiyo nilitaka aumie. Sisemi kwa mzaha. Nilikuwa nakata kitambaa na kufikiria hilo tu, kwa utulivu, kama mtu anayefanya hesabu.

Na ndipo fomu yako ikaja.

Umenisoma vizuri mpaka hapa, kwa hiyo soma na hili. Chini kabisa ya ile karatasi kulikuwa na mistari miwili: mgonjwa anayetarajia kupasuliwa mtoto wa jicho lazima amwambie daktari wa macho kwamba anatumia, au aliwahi kutumia, dawa hii. Inalegeza hata kile kiwambo cha rangi kinachozunguka mboni. Katikati ya upasuaji kinapepea kama kitambaa kilicholowa, na daktari ambaye hakujiandaa anaweza kuliharibu jicho. Akijua mapema anajiandaa, na mambo huenda vizuri.

Nilikaa na mama yako barazani, fomu magotini. Jina, umri, mzio. Tukafika kwenye sehemu ya dawa zote unazotumia.

“Andika hakuna,” akasema.

“Na ya presha, shangazi?”

“Presha na macho wapi na wapi? Wanataka kunirudisha nyumbani tu. Andika hakuna, msomi, au kuandika nako mpaka usome kitabu?”

Nikaandika Hakuna. Kwa mwandiko mzuri. Niliiweka fomu kwenye droo ya cherehani, ikakaa humo siku nne, na siku hizo nne nililala vizuri kuliko nilivyowahi kulala tangu mama aanguke. Sikuwa nimefanya kosa lolote, unaona? Nilikuwa nimetii tu.

Usidhani ni huruma iliyonitoa huko. Siku ya tano nilimtazama mama akimenya viazi, kisu mkono wa kushoto, na nikaliona jambo lote hadi mwisho wake. Shangazi akiharibika jicho, nani atamwongoza kwenda chooni? Nani atamkatia chakula? Mama, kwa mkono mmoja. Na nyumba itakuwa na mgonjwa mmoja tu wa kuhurumiwa, na hatakuwa mama yangu. Wageni watajaa upya sebuleni, na ile hadithi ya ghala itabaki kuwa kweli milele, kwa sababu hakuna anayemsuta kipofu.

Nikalikata lile neno. Nikaandika kwa herufi kubwa: doxazosin, miligramu nne, kila siku, mwaka wa saba. Alhamisi nikampeleka kliniki ya macho mwenyewe.

Nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuuza sokoni, na benchi lilijaa watu. Akasoma, akainua macho. “Vizuri sana mmeandika hii. Daktari atakuwa tayari. Usiiache dawa kwa kichwa chako, bibi, na isitoshe kuiacha hakuondoi hiyo hatari, muhimu ni sisi kujua. Unaitunza kwenye boksi lake?”

Shangazi akajifanya anatengeneza mtandio wake. Nikasema, “Mweleze nesi habari ya kopo, shangazi.”

“Kopo gani?”

“La farasi. Na vile viwili vya wifi yako.”

Nilieleza mimi. Siku tisa, viwili, mkono. Sikuongeza wala kupunguza. Benchi zima liligeuka kututazama. Nesi akavua miwani. “Bibi, wewe ulimpa mtu dawa yako, dozi mara mbili, tena asubuhi anakwenda kazini? Mshukuru Mungu umemvunja mkono tu. Wengine tunawapokea wamepasuka vichwa.”

Mama yako alisema kwa sauti ndogo, “Sikujua.” Ni mara ya kwanza kumsikia akilitamka neno hilo.

Njiani akaniambia, “Umenivua nguo mbele za watu.” Nikamjibu, “Bado, shangazi. Wale hawakukujua. Sasa utawaambia wanaokujua.” Nilidhani nitashiba baada ya pale kliniki. Sikushiba.

Jambo moja lako mwenyewe, kwa kuwa umesema nawe umeandikiwa dawa ya kundi hili. Kidonge cha kwanza kinywe unapokwenda kulala. Ukiamka kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, vuta pumzi, ndipo usimame. Usiendeshe gari siku ya kwanza, wala daktari akikuongezea kipimo. Ukikosa siku kadhaa, mpigie daktari kabla ya kugusa chochote. Na usipokee kidonge kutoka kiganjani mwa mtu, hata awe aliyekuzaa.

Upasuaji ni tarehe 20. Naomba ufanikiwe kuliko upasuaji wote waliowahi kufanya. Nataka jicho la mama yako litoke safi, lione uzi kwenye tundu la sindano. Bendeji ya jicho itakapofunguliwa nitamkalisha mama mbele yake mezani, na nitamwambia afunge vidole. Shangazi atatazama vinapoishia. Utakapompigia simu kumpongeza, usimwulize kama anaona. Mwulize ameona nini, kisha usubiri mpaka ajibu.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na umbusu mkohozi kwa niaba yangu. Fundi viatu anakuulizia. Mama anasema ule vizuri na usimchukie mtu kwa sababu ya barua zangu. Mungu akulinde kwenye ngazi na kwenye barafu, na ampe mama yako jicho zima.

Wako akupendaye, na asiyesahau,
Msomi