Muhuri wa Ngitili

Mwabusolo, Kishapu
3 Septemba 2024

Bujiku mdogo wangu,

Mhola? Huku tu wazima. Mama anakula vizuri, mguu umepungua kuvimba. Salamu zimeisha. Simu yangu hupokei tangu Jumapili, ndiyo maana nimempa Mwanaidi barua hii, kwa kuwa yeye na vitenge vyake hufika Segese kila wiki.

Umekata miti ya ngitili yetu.

Usijifanye hujui. Lori lilikuja Jumamosi, kijiji kizima tukiwa msibani kwa mzee Mwigulu. Tuliporudi tulikuta visiki. Nimevihesabu mwenyewe, mia moja na kumi na vinne. Mizinga ya nyuki tuliyotundika sisi kina mama wameishusha na kuichoma moto ili wakate bila kuumwa. Mama hakwenda msibani kwa sababu ya mguu, akamwona dereva. Ni Herman, yule uliyekuja naye Pasaka. Mama alimsalimia, akampa maji ya kunywa.

Umesahau pale palivyokuwa? Tulicheza kwenye vumbi tupu, hakuna hata jani la kumfunika panzi. Watu wakakubaliana kuifunga ardhi ile iwe ngitili, malisho ya akiba ya kijiji, majani na miti vikaota tena. Mwaka juzi mvua zilipokataa, ng'ombe wa vijiji jirani walianguka njiani, wetu wakala majani ya ngitili mpaka Desemba. Mwaka huu tumechimba makinga maji ya nusu mwezi kwa majembe, viganja vyangu vina malengelenge mpaka leo. Na wewe unaleta lori.

Dagashida imeitishwa. Kijiji chote kitakaa kumhukumu mwizi, na mimi ndiye nitakayelitaja jina lako.

Dada yako,
Esta


Segese
10 Septemba 2024

Shikamoo dada,

Natumaini mama anaendelea vizuri. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kwa vumbi la mawe.

Usiniite mwizi tena. Mwezi wa saba ukuta wa duara letu, shimo tunalochimba dhahabu, ulimwangukia mwenzetu Marcel, tukamtoa siku ya pili akiwa maiti. Bila matimba, zile nguzo za kuzuia kuta, huku tunazikana wenyewe kwa wenyewe. Nilikuwa nahangaika kutafuta nguzo, mtu akaja mwenyewe mpaka hapa Segese. Alikaa kwenye benchi la mama lishe, akaniambia ngitili ina miti mingi mno na kamati imekubali ipunguzwe. Nikamlipa, akanipa kibali. Nimekiweka ndani ya bahasha hii. Tazama muhuri wa kamati. Unajua unakaa wapi. Uko kwenye mkoba mweusi unaoning'inia nyuma ya mlango wa chumba chako.

Sikutaka kukuambia. Nilijua nikipokea simu itanitoka mdomoni.

Lakini umeniandikia vile, acha nami niseme. Mwaka juzi, Septemba, nilikuja kwako kumwomba mume wako afungue ngitili wiki mbili mapema. Ng'ombe wangu saba walikuwa hawawezi kusimama. Athanas akaniambia, "Shemeji, kanuni ni kanuni. Nikikufungulia wewe, kesho watakuja wote." Wenu walikula mpaka Desemba. Wangu walikufa mmoja mmoja kabla haijafunguliwa, na majani nayaona upande wa pili wa ua wa miba. Siku ile ulikuwa unapika chai, dada. Ulisikia, hukusema neno.

Basi mtu yule yule aliponiletea miti ya mahali pale pale, niliichukua. Niliichukua kwa hasira. Habari ya mizinga sikuijua, na kwa hilo pamoja na maji ya mama, niwie radhi.

Taja jina langu. Ila ukilitaja, taja na la mumeo.

Mdogo wako,
Bujiku


Mwabusolo
27 Oktoba 2024

Bujiku,

Hujambo? Mama anakusalimu, nami nipo kwake. Nimehama kwangu tangu wiki ile niliyopata barua yako, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Sikuwa na la kukuandikia mpaka dagashida ikae.

Nilimwekea Athanas kibali mezani, pembeni ya sahani yake. Akakitazama, akasema, "Ni miti tu, Mama Enock. Itaota tena." Nikamuuliza, ndugu yangu alipoomba majani, mbona hukusema yataota tena? Akaendelea kula. Alipomaliza akaniomba nikichome. Nikafunga nguo zangu, nikaondoka na kibali.

Dagashida ilikaa jana. Athanas alisimama mbele za watu, kwa sauti yake ile ya kanisani, akataka utengwe. Nikasimama. Mzee Mayala, aliyeongoza kikao, akaniambia wanawake watasema mwisho. Nikamwambia, nyuki walioungua walikuwa wa wanawake, nitasema sasa. Nikasoma kibali kuanzia tarehe mpaka muhuri. Nikataja jina lako na la mume wangu. Kisha nikataja langu, kwamba nilikusikia ukiomba majani nikaendelea kupika chai.

Athanas ameondolewa kwenye kamati. Atatoa madume mawili, na mizinga mipya ataichonga na kuitundika yeye mwenyewe. Siku ya kufungua ngitili itaamuliwa na kaya zote, wanawake wakiwemo, na upande wa mtoni umetengwa kwa ajili ya ng'ombe waliodhoofika, wa mtu yeyote, bila kusubiri tarehe. Hilo limepita kwa sababu ya ng'ombe wako.

Wewe umepewa mpaka mvua za kwanza uje kupanda miti. Usipokuja, hakuna wa kukupa moto wala maji hapa Mwabusolo, hata mama. Nami sikupinga. Ungenipigia kabla ya kutuma lori. Nakukasirikia mpaka sasa ninapoandika.

Dada yako,
Esta


Segese
5 Novemba 2024

Shikamoo dada,

Mpe mama shikamoo yangu. Kifua kimetulia kidogo.

Nakuja Alhamisi na Herman. Anataka kumwomba mama msamaha mwenyewe, sijui atasema nini. Nitapanda miti ya ngitili mpaka mtakaporidhika. Baada ya hapo nitalima shamba langu la pamba lililolala misimu mitatu, nioteshe miti ya nguzo. Wenzangu wa duara wamekubali kuja kusaidia. Itachukua miaka, na hapa katikati sijui tutazuia kuta kwa kitu gani, lakini kwa miti ya ngitili hapana.

Usinipangie kazi karibu na Athanas. Nikifika sitamsalimia, na wewe usinibembeleze. Hata kwako sijapoa. Umesema mbele ya watu, nimesikia, ila ng'ombe wangu walichukua siku kumi na moja kufa.

Nitafikia kwa mama.

Mdogo wako,
Bujiku