Nani Anavifunga Vichupa vya Mama?

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naahidi kukueleza kila kitu kama kilivyotokea, hata yale yatakayokufanya unicheke, kwa sababu nikificha jambo utanishauri vibaya na kosa halitakuwa lako.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, naishi na baba yangu ambaye ni fundi mabegi, pamoja na bibi, mama yake mama. Nimechaguliwa kwenda kambi ya sayansi ya wiki mbili, mbali na hapa, na watakaofanya vizuri huko watapewa nafasi katika shule yenye maabara ya kweli, siyo kama yetu ambayo hadubini tunaichora tu ubaoni, na mwalimu mkuu anataka jibu Ijumaa hii, na kwa kuwa gari litakalotuchukua ni dogo tumeambiwa kila mmoja abebe begi moja la kuweka mapajani. Shida ilianzia hapo, maana losheni yangu ni ya chupa kubwa na shampuu ni hivyo hivyo, nikazunguka madukani kutafuta za saizi ya safari, duka la kwanza hawana, la pili wana dawa ya meno peke yake, na muuza vipodozi wa pale kona akainua kidole chake mbele ya wateja akasema, "Losheni ya saizi hii? Binti, unampeleka mwanasesere harusini?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka ili nisilie.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka vichupa vya mama.

Mama alikuwa muuguzi wa kutunza wagonjwa majumbani mwao, akiitwa anakwenda, wakati mwingine miji ya mbali, na kibegi chake kilikaa nyuma ya mlango kikiwa tayari. Vitu vyake vya kuogea alivihamishia kwenye vichupa vidogo, na alikuwa na utaratibu wake, hakujaza kichupa mpaka juu bali aliacha nafasi ya upana wa kidole, kisha akaweka kipande cha nailoni mdomoni kabla ya kukaza kifuniko, huku akisema, "Kiachie pa kupumulia. Kikijaa sana kitatapika njiani." Mwaka jana aliitwa, akaenda, akaugua huko huko na kuzikwa huko huko. Kibegi kilirudi bila yeye. Bibi alivimwaga vichupa, akaviosha, akavifungia kwenye bati la biskuti, isipokuwa kimoja cha kioo, kidogo kuliko vyote, ambacho kilibaki kwenye mfuko wa pembeni wa kibegi kwa sababu zipu yake ilikuwa imekwama.

Basi nikavitoa vile vya kwenye bati, nikavijaza mpaka juu, shampuu yangu na losheni yangu ambayo siku zote huwa haina harufu, nikavipanga ndani ya kibegi cha mama na kukiweka kwenye kiti changu. Kesho yake nikarudi kutoka shule, nikafungua, vyote vimepungua kwa upana wa kidole. Chini ya kila kifuniko palikuwa na kipande cha nailoni, kimekatwa duara. Na losheni ilinukia limau, Mshauri. Ni harufu ya mama, ambayo sijaisikia tangu alipotoka mlangoni. Nikamwaga, nikaosha kwa sabuni, nikajaza upya mpaka juu, na siku iliyofuata nikakuta hivyo hivyo, pengo la kidole, nailoni, limau.

Nikamfuata bibi, alikuwa anakunja nguo.

"Bibi, umevigusa vichupa vyangu?"

"Kwa vidole hivi? Hata kifungo cha gauni unanifungia wewe. Nini kimetokea?"

Nikamweleza. Akaacha kukunja, akatazama mlangoni, pale kibegi kilipokuwa kikitundikwa, na kwa sauti ndogo akasema, "Mwanangu anafunga mizigo."

"Bibi, usinitishe."

"Sikutishi. Hakupata kurudi, kwa hiyo hajamaliza safari. Sasa nani anafunga mizigo kama hasafiri? Na kibegi anachokifunga kimekaa kwenye kiti cha nani? Wewe hutoki hapa, mjukuu wangu. Mmoja alinitosha."

Baba nilimwambia habari za kambi tangu mwanzo, akasema "Mm" na kuendelea kushona, na jina la mama halijatoka kinywani mwake tangu kibegi kiliporudi. Juzi aliponipa kikombe cha chai mkono wake ulinukia limau, nikashindwa kunywa, nikajua mama amekwisha kuingia hata kwake.

Tena kuna hili, ambalo sijamwambia mtu. Ile zipu iliyokwama sasa inateleza kama mpya. Ndani nimekikuta kile kichupa cha kioo, kitupu, kifuniko kimekazwa sana hata sikuweza kukifungua. Kioo chake kina ukungu kwa ndani, kama ule unaotokea ukipulizia dirisha. Nikakishika kwenye mwanga nikakitazama. Ukungu ukaondoka, ukarudi. Ukaondoka tena, ukarudi, taratibu, kama mtu aliyelala.

Nataka kwenda, Mshauri, nataka sana, nimeshapiga pasi hata soksi. Lakini kila nikikitazama kibegi naona kama kuna mtu amekaa nacho ananisubiri. Gazeti lenu hutoka Jumatano, tafadhali nijibu toleo hilo hilo, kabla mwalimu mkuu hajaniita: je, mama ananifungia mizigo yangu, au anafunga yake?

Mwanafunzi wa Begi Moja

*

Binti yangu wa Begi Moja,

Pole sana kwa kuondokewa na mama. Barua yako nimeisoma nikiwa nimewasha taa mchana, kwa hiyo usidhani nakudhihaki. Ila sasa kaa vizuri nikuseme.

Wewe ndiye wa kambi ya sayansi? Umeniletea ushahidi wote, umeupanga vizuri, kisha ukafumba macho! Zipu ilikwama tangu mwaka jana, sasa inateleza. Nailoni imekatwa duara safi, kazi ya mkasi na mkono uliozoea. Mkono unaokupa chai unanukia limau. Na unaishi na nani? Na fundi mabegi! Tangu lini marehemu wakatengeneza zipu?

Ni baba yako. Chupa kubwa ya losheni ya mama yako nadhani ameificha kati ya vifaa vyake, na anakugawia kutoka humo, nawe unamwaga na kuosha kwa sabuni. Nadhani pia kwamba hawezi kukuambia "nenda", kwa kuwa mtu wa mwisho aliyemwambia neno hilo, mama yako, hakurudi. Basi analisema kwa nailoni na kidole. Amekuona unajaza chupa mpaka juu kama mtu asiyefundishwa, akashindwa kuvumilia.

Bibi usimjibu vibaya. Amefiwa na mtoto na kaburi hajaliona. Isikilize hofu yake, mshike mkono, lakini usimwachie akuamulie safari.

Na wewe baba, mafundi wengi hutandika gazeti mezani kabla ya kuanza kazi. Kama ukurasa huu uko chini ya kiwiko chako, inua mkono usome. Mtoto anaogopa kunywa chai yako. Fungua mdomo leo.

Sasa fanya hivi, binti. Leo ukitoka shule, chukua kibegi na vichupa, viweke kwenye meza ya baba, mwambie, "Baba, nifundishe kufunga." Usiongeze neno, kaa usubiri hata akisema "Mm". Mkimaliza, vigeuze vichupa kichwa chini juu ya kitambaa mpaka asubuhi. Kinachovuja kiache nyumbani. Andika juu ya kila kimoja kilichomo, usije ukapiga mswaki kwa shampuu. Vyote vitie kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Sabuni ya kipande ikate, nusu inatosha. Kikipungua kichupa, usirudi kwa yule wa mwanasesere; nenda duka la dawa uombe vile vitupu vya dawa ya maji, uvichemshie maji uvioshe. Na Ijumaa mwambie mwalimu mkuu: ndiyo.

Kimebaki kile cha kioo. Nilikuwa nimeshaandika kwamba ni unyevu tu, nikafuta. Nimeweka kichupa kitupu hapa mezani kwangu, nikakikaza kifuniko, nikakiacha juani, nikakirudisha kivulini. Changu hakijapata ukungu. Kwa hiyo sina jibu, na sitakutungia.

Usikijaze. Usikioshe. Kizungushie kitambaa laini, ukibebe mfukoni mwako, siyo ndani ya begi. Na ukifika, kabla hujafungua zipu yoyote, jaribu tena kifuniko hicho. Nadhani huko, safari ikiwa imekwisha, kitakubali.