Pikapu Ambayo Baba Hakuijenga

Kaka Masalu,

Shikamoo. Itikia tu, hata kwa kununa; huko Sumbawanga hakuna anayekuona. Simu zangu hupokei huu mwaka wa nne, ndiyo maana nimeandika mahali ambapo kila mtu atasoma, nikitumaini mmoja wao anakufahamu na atakufikishia. Habari yenyewe ni hii: ninaijenga pikapu ya baba.

Usishtuke. Ni ndogo, inakaa juu ya meza ya chakula, na mama analalamika kila siku kwamba anakula huku ameipakata sahani. Nimeikata kwa bati la debe la mafuta ya kula. Injini nimeiunda kwa waya na vifuniko vya kalamu, iko wazi kabisa, haina boneti, kama alivyotaka mwenyewe. Vidole vyangu vitatu vina plasta.

Unaukumbuka mchoro wake? Aliuchora nyuma ya kalenda, akaubandika kwenye ukuta wa karakana hapa nyumbani Buswelu. Kutwa nzima alinyoosha bodi za magari ya watu, na jioni akatupandisha kwenye ile pikapu mbovu isiyo na injini, atueleze itakavyokuwa. Paa litakatwa lishuke. Mbele itainama, nyuma itakaa juu ya matairi manene. Mimi nikamuuliza, sasa itabeba nini? "Haibebi kitu," akasema. "Hii ni ya kupita tu, watu wageuke." Ulicheka mpaka ukaanguka chini, nami nikakucheka wewe.

Alipougua alikwambia wewe ndiye uimalizie. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Na bado, miezi michache baada ya mazishi, ukiwa safarini, niliwaita watu wa vyuma chakavu wakaja kuibeba. Nilikwambia ilikuwa inafuga nyoka. Nyoka tulimwona mmoja, tena siku moja. Ukweli ni kwamba kila nilipofungua dirisha asubuhi niliiona pale, baba hayupo, nikashindwa kuvumilia. Badala ya kukwambia hivyo, nikakwambia ni chuma tu, utapata kingine. Ulisimama penye doa la oili ukaliangalia, ukachukua begi lako. Nilikosea, kaka. Nilikosea kuitoa bila kukuuliza, na lile neno ndilo baya zaidi. Nisamehe.

Mchoro ninao, na ndio nilioanza nao. Sasa hapa una ruhusa ya kucheka. Mimi, mwalimu wa hesabu, ninayewafokea watoto wa watu kwa kusahau kuandika kipimo mbele ya namba, nimeboronga. Unajua baba hakuwahi kushika tepu. "Tepu ya nini, mkono ninao." Mchoro wote ameuandika kwa shubiri: bodi ya nyuma shubiri saba, mlango nne na nusu, paa punguza moja. Nami bila kufikiri nikatandaza kiganja changu juu ya rula, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho, nikapiga hesabu, nikagawa kwa kumi, nikakata bati. Matairi nikayapatia vipimo kwenye ringi moja iliyobaki stoo, hiyo nikaipima kwa tepu. Nilipounganisha, gari likawa kama mtoto aliyevaa mabuti ya babake.

Mama akalitazama, akaizunguka meza nzima, akaniuliza, "Hilo umepima kwa mkono wa nani?"

Nilikaa chini. Nikaukumbuka mwaka ule ulipomaliza kidato cha nne, baba alipokuita karakana akabandika kiganja chake kwenye chako, kidole kwa kidole. Vikalingana. Akamwita mama aje aone. "Huyu amenifikia," akasema, na alivyofurahi ungedhani wewe ndiye uliyemzaa. Nami nikaleta changu, mkanicheka wote wawili, maana vidole vyangu viliishia kwenye pingili zenu.

Ningeweza kukisia. Mama anasema ongeza kidogo tu, nani atajua. Sitaki, kaka. Mambo ya pikapu hii nimewahi kuyaamua peke yangu, na uliona yalivyokwisha. Lakini nikwambie kitu: tangu siku ile mama aniulize, nimekuwa na furaha ambayo sikuitarajia. Nilidhani mkono wa baba tumeuzika. Kumbe upo Sumbawanga, umeninunia.

Basi tandaza kiganja chako juu ya karatasi yoyote, hata ya kufungia sukari. Weka alama mbili, moja penye gumba, moja penye kidole cha mwisho, mpe dereva yeyote wa basi la Mwanza. Usiandike neno kama huna la kuniambia. Ukija mwenyewe itakuwa vizuri zaidi, chumba chako mama anakifagia kila Jumamosi na kitanda kimetandikwa. Debe jingine nimeshalipata, limelala juu ya kabati, sijaligusa.

Alama mbili tu, kaka. Zikifika nitakata bati siku hiyohiyo, na nitajua bado nina kaka.

Mdogo wako,
mwenye mkono mfupi