Mkono wa Gia wa Gari la Baba

Dada mpendwa,

Huku sisi wazima, na yule kuku wako mweupe bado anatagia kwenye ndoo ya nguo.

Baba aliniomba nimfupishie mkono wa gia, maana bega lake halinyanyuki tena kama zamani. Nikaufungulia hapo uani, nikakata inchi mbili kwa msumeno wa chuma, na kishikio kikakaa vizuri. Ila kile kijiti cha ndani, kinachosukumwa na kitufe, kikatoka kifupi mno. Sasa ukibonyeza, hakuna kitu. Gari limeng'ang'ania P, ile gia ya kuegesha, halitoki ng'o.

Majirani wananicheka: fundi wa miaka ishirini anaharibu gari la baba yake mzazi! Acha wacheke. Nakwambia wewe tu: kijiti nilikipima mara tatu kabla ya kukikata kifupi. Baba haoni, Dada. Kwenye simu anakwambia macho mazima, lakini juzi alisimama akajuliana hali na tangi la maji. Tena wiki iliyopita nusura amgonge jirani pale getini, wala hakujua.

Jana alikaa kwenye usukani, akabonyeza kitufe mara moja, akaniita. Nikajua leo nitaoga matusi.

"Mwanangu," akasema, "usiharakishe kulitengeneza."

Akanipa ufunguo, akanishika bega, tukarudi ndani polepole.

Ni mimi mdogo wako,
fundi mbovu.