Ulimi wa Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Tumeshinda! Au niseme Shangazi kashinda. Jarida la chuo limetoka leo, na ukurasa wa mwisho una kichwa: wapi pa kula vizuri mjini. Mji wenyewe una barabara mbili na migahawa sita, kwa hiyo mashindano yalikuwa makali kweli. Sisi wa kwanza. Aliyeandika ni Mkutubi wa chuo, yule mnene wa meza ya dirishani, anayekula huku anasoma na kufunua kurasa kwa kidole chenye mchuzi. Kaandika kwamba mama mwenye mgahawa ana ulimi wa ajabu.

Nilicheka mpaka sufuria ikaniponyoka. Ulimi! Tangu ile homa ya mwaka jana Shangazi hajui chumvi wala sukari. Mpe sabuni, atatafuna. Anajua yeye, najua mimi, basi.

Kila siku saa tano ni mchezo uleule. Anachota mchuzi, anafumba macho mbele ya wateja, anaramba midomo. Mimi napita nyuma na kijiko changu. Nikikohoa – aongeze chumvi. Nikijikuna sikio – ndimu. Nikifunga upya kitambaa cha kichwa – aepue. Halafu anasema kwa sauti, "Naam! Sasa imekolea." Wateja wanamsifu. Mimi narudi kwenye vitunguu.

Jumanne, 5 Machi

Barua imefika. NIMEPATA! Chuo cha upimaji ardhi. Kuripoti Jumatatu tarehe 11, kabla ya saa kumi jioni. Ukichelewa, nafasi anapewa mwingine. Nimeisoma stoo, juu ya gunia la mchele, mara tano. Kutembea juani na ile darubini ya miguu mitatu, na hakuna wa kuniuliza nimeonja nini! Miaka kumi na tatu nanuka vitunguu mpaka kwenye nywele.

Nilitoka nimwambie. Nikamkuta ameubandika ule ukurasa ukutani, anaunyoosha kwa kiganja. "Mwanangu, bila wewe mimi ningekuwa nani?" Nikamjibu kwamba vitunguu vimekwisha. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Foleni mpaka kwa fundi viatu. Na kubwa zaidi – chuo kimemwomba Shangazi awapikie walimu wote chakula cha mchana, kuanzia Jumatatu. Jumatatu! Kakubali hapohapo, akanipiga begani, eti tutaweza. "Tu"!

Nimempigia Mama simu. Akaanza yaleyale: shangazi yako alikuchukua una miaka tisa, mimi niko kitandani sijiwezi, hakuuliza atakulisha nini. Shukrani ya punda ni mateke, lakini wewe si punda. Nikamuuliza, kwa hiyo niozee humu? Akasema kwani kazi yenyewe si kuonja tu. Kuonja tu! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Koo linaniwasha.

Jumamosi, 9 Machi

Aibu. Mafua yamenishika, pua imeziba kabisa. Saa tano nachota mchuzi – sisikii kitu, maji ya moto tu. Nilitaka kusema. Kabla sijafungua mdomo nikakohoa. Kikohozi cha mafua, jamani! Shangazi akaongeza chumvi. Nikakohoa tena. Akaongeza tena. Najiziba kwa mkono, machozi yananitoka, yeye kaniangalia na mkebe wa chumvi mkononi, mtiifu kama mwanafunzi. Mara nne!

Na watu wakala. Wakamaliza majagi yote ya maji, na bado wakasifu. Jarida limesema ni kitamu, nani athubutu kusema anaungua ulimi? Mkutubi peke yake alifunga kitabu. Akaja jikoni, akamwambia Shangazi taratibu kwamba leo mkono umeteleza. Shangazi akacheka kwa nguvu, akabugia kijiko kizima mbele yake. "Mbona iko sawasawa!" Mkutubi akamtazama, akanitazama mimi na kamasi zangu, akaelewa. Aliondoka kajiinamia, kitabu kakisahau.

Tulipofunga, Shangazi alikaa juu ya ndoo. Akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba sisikii ladha. Na mimi, sijui shetani gani alinipitia, nikamjibu mengine kabisa: Jumatatu naondoka. Nikampa barua. Kaisoma kwa kidole, neno kwa neno, akaikunja vizuri. Halafu akaenda kuosha sufuria ambazo zilishaoshwa.

Nampenda. Na sitaki kuzeeka humu. Yote mawili, kwa wakati mmoja.

Jumapili, 10 Machi

Tangu asubuhi akinitaka anagonga mwiko. Mchana nikamkuta anapiga pasi gauni langu. Akasema bila kuniangalia: "Mchuzi wa walimu kesho napika mwenyewe. Usikanyage jikoni. Nikimaliza, utaonja. Ukiniambia imekolea, nenda salama. Miaka thelathini napika, mkono haujasahau." Nikauliza, na isipokolea? Akaligeuza gauni upande wa pili.

Nimefungasha. Mafua yameisha. Asubuhi dawa ya meno imeniwasha mdomo mzima, nikafurahi kama mjinga.

Jumatatu, 11 Machi

Saa nne na nusu, niko stoo. Lori la mboga litanichukua saa tano.

Shangazi kaniletea bakuli kwa mikono miwili. Kavaa aproni mpya. Kaliweka juu ya gunia, akatoka, akarudishia mlango. Naona vidole vya miguu yake chini ya mlango.

Nimeonja. Chumvi! Chumvi tupu. Kaweka, akasahau, akaweka tena, na ulimi wa kumkumbusha hana. Nimeonja mara ya pili, nikiomba iwe mafua. Si mafua.

Nikisema imekolea, nimeondoka. Saa saba walimu arobaini watasukuma sahani, na atasimama mbele yao anawauliza kuna nini. Nikisema haijakolea, darubini kwaheri. Unaweza kutia maji, ukatumbukiza viazi vinyonye chumvi. Lakini nani ataonja baada ya viazi? Na kesho?

"Mwanangu? Imekolea?"

Nimemjibu bado ya moto, napuliza. Uongo. Imeshapoa.

Dereva anapiga honi. Begi liko mlangoni, barua iko mfukoni, miguu ninayo miwili.

Na hapa mapajani – nimekuja kushtuka sasa hivi – kuna kisu na maganda. Kabla sijashika kalamu nilikuwa nimeshamenya viazi vinne. Nani kanituma? Hata sikumbuki nilivitoa gunia gani.

"Mwanangu?"

Honi tena. Cha tano kimebaki nusu.